Shikamoo Iliyorudishwa

Siku ambayo Pili Mhando alianza kazi katika Taasisi ya Sera za Umma ya Chuo Kikuu cha Lupanga, aliingia ofisini kwa mkurugenzi na bahasha ya vyeti mkononi, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa, akasema shikamoo. Profesa Severin Kobelo hakuitikia. Alivua miwani akamtazama.

"Mhando wa wapi wewe?"

"Handeni, Profesa."

"Mzigua?"

"Mzigua."

"Basi chukua shikamoo yako uirudishe kwenye mkoba. Mtani wangu haniamkii. Kaa. Na kama umekuja kutuletea ukame wa kwenu, mlango ule pale."

Profesa alikuwa Mluguru, na Waluguru na Wazigua ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo Pili hakuhitaji maelezo. Alikaa, akamjibu kwamba heri ukame kuliko kulima umejifunga kamba kiunoni usije ukaporomokea shamba la jirani. Profesa alicheka mpaka katibu muhtasi akafungua mlango kuchungulia kuna nini.

Tangu hapo Pili hakumwamkia tena, ingawa kwa umri Profesa alikuwa mtu wa kumwita baba. Alipanda kutoka karani hadi meneja utawala, akazaa watoto wawili na kuwasomesha, akafukuza madereva walevi na kuajiri wengine, na miaka yote hiyo salamu yake ya asubuhi kwa mkurugenzi ilikuwa tusi.

"Bado hujafa tu, Mluguru wewe?"

"Nife nimwachie nani ofisi? Wewe uigeuze zizi?"

Wageni waliokuja mara ya kwanza walishtuka. Wenyeji walisogeza viti wasikie vizuri.

Haukuwa utani wa mdomoni peke yake. Mama mzazi wa Profesa alipofariki, Pili alipanda Matombo, mlimani kwao Profesa, na wafiwa wengine, na kabla jeneza halijashushwa akaingia yeye kaburini, kanga kichwani, akakaa. Aliiga sauti ya marehemu akiwagombeza wakwe zake kwa kuchoma ndizi vibaya. Alikataa kutoka mpaka aletewe jogoo. Padri alisubiri na kitabu chake mkononi, kwa kuwa naye ni mtu wa huko huko na alijua taratibu. Profesa, ambaye tangu msiba uanze hakuwa ametoa hata chozi, alicheka, halafu akalia, na watu wakaona sasa mambo yamekwenda sawa. Jogoo akaletwa. Pili akatoka, akajikung'uta udongo, mazishi yakaendelea.

Taasisi ile waliiendesha watu watatu. Profesa alikuwa na jina. Akipiga simu wizarani, simu hupokelewa. Dk. Oscar Mwakalinga, naibu wake, mtu wa Tukuyu asiyecheka kazini, alisimamia tafiti na kuhakikisha kila sentensi inayotoka pale ina ushahidi. Yaliyobaki yote yalikuwa ya Pili: magari, vibali, mikataba, chai, na nani asikae karibu na nani kwenye meza ya mkutano.

Kwa hiyo alikuwa Pili aliyeona mapema. Profesa aliuliza swali, akajibiwa, akauliza tena swali lile lile kabla chai haijapoa. Alifungua semina kwa hotuba nzuri, na baada ya mapumziko akasimama akaifungua upya, neno kwa neno, na kichekesho chake mle mle. Ukumbi ulianza kuangaliana. Pili akapaza sauti kutoka nyuma: "Mmeona Mluguru? Hotuba amepika moja, anatupashia kiporo!" Watu wakacheka, Profesa naye akacheka, akaketi. Ikapita.

Ikawa ndiyo kazi yake nyingine. Profesa akikosea jina la mgeni, Pili anarusha utani. Akisahau amekuja ofisini kwake kutafuta nini, Pili anamwambia kwao hawana milango ndiyo maana anazurura. Hakuna aliyejua kilichokuwa kinaendelea, kwa sababu kila kilipojitokeza Pili alikifunika kwa kicheko. Alijiona anasaidia.

Halafu wakaenda Matombo kutoa mrejesho.

Taasisi ilikuwa imefanya utafiti mrefu juu ya kilimo cha miteremkoni na maji ya mto yanayokwenda mjini. Andiko la kwanza lilipendekeza kaya zinazolima ukingoni mwa msitu zihamishwe. Magreth, mtafiti kijana aliyekaa vijijini msimu mzima, aliligomea. Oscar akapitia takwimu upya, akakiri binti ana haki. Andiko la mwisho likasema kaya zibaki, zisaidiwe kuchimba matuta ya kuzuia udongo, na mji unaokunywa maji uchangie. Hilo ndilo lililokuwa liende wizarani, na kabla ya kwenda lilikuwa lisomwe kwa wenyewe.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Kina mama walikaa mbele, na hiyo haikuwa heshima tu: huko mlimani ardhi hufuata ukoo wa mama, na wao ndio waliokuwa wanasubiri kusikia. Profesa alisimama. Hakuhitaji kutambulishwa, alizaliwa mwendo mfupi kutoka pale. Akafungua karatasi, akasoma kwa sauti yake ile ya mhadhara:

"Taasisi inapendekeza kaya zote zinazolima ukingoni mwa msitu zihamishwe."

Minong'ono ilipanda kama moto wa majani. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alisimama, akasema kitu kwa Kiluguru, kisha akakirudia kwa Kiswahili ili wageni nao wasikie.

"Tuhamishwe twende wapi, Severin? Mama yako amelala huko huko juu. Na yeye utamhamisha?"

Magreth alikuwa ameshika kichwa. Oscar alikuwa amesimama nusu. Pili aliwahi kuliko wote.

"Jamani, msimsikilize huyu! Nilimkataza kula ndizi mbivu njiani, hakusikia. Zimemchachia tumboni zikampanda kichwani, anatusomea karatasi tulizofungia maandazi mwaka juzi! Kaa chini, Mluguru, waache watoto waliosoma wasome!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata yule bibi akacheka, akaketi huku akimnyooshea Profesa kidole. Magreth akasimama na andiko sahihi, akasoma, na alipofika kwenye neno kubaki kina mama wakapiga vigelegele.

Profesa alikuwa ameketi kando ya Pili, bado anatabasamu. Akamwinamia sikioni.

"Mtani," akanong'ona, "hivi hapa ni Gairo?"

Gairo iko njia ya Dodoma, mbali kabisa na mlima aliozaliwa.

Waliporudi mjini Morogoro, Oscar alimfuata ofisini kwake, akafunga mlango. Hakukaa.

"Mama Pili, leo umetuokoa. Siku ya kwenda wizarani hutakuwepo kutuokoa."

"Najua."

"Nimeandika taarifa kwa bodi. Ipo kwenye kompyuta, sijaituma. Bodi inakaa mwisho wa mwezi. Nikiituma watamwita, watamtaka akapimwe, na kabla ya jioni mji mzima utajua. Akijitoa mwenyewe, anaondoka kama profesa. Akitolewa, anaondoka kama mgonjwa."

"Sasa si umwambie?"

"Mimi? Nikimwambia mimi ataona nataka kiti." Oscar alitazama dirishani. "Na kweli nitakipata. Hiyo ndiyo shida. Mwambie wewe. Wewe ndiye anayekusikia."

"Ananisikia nikimtukana," Pili alisema.

Lakini alikubali. Hakuwa mtu wa kuahirisha mambo. Nyumbani kwake mtoto akiwa na jino bovu hulala bila hilo jino. Kesho yake alimkuta Profesa anakunywa chai chumba cha mikutano, akavuta kiti.

"Profesa, achia kiti. Kichwa chako kimechoka. Andika kwa bodi kwamba unapumzika."

Profesa aliweka kikombe chini taratibu. Akamtazama. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka.

"Nilijua tu! Mzigua anataka ukurugenzi!"

"Sitanii."

"Hutanii!" Alifuta machozi ya kicheko. "Kwenu mnaoga Idi hadi Idi, leo unataka ofisi yenye bomba ndani! Magreth! Njoo usikie huyu!"

Magreth alikuja, akacheka kwa adabu, akaangalia sakafu. Hadi saa sita jengo zima lilikuwa limeshasikia kwamba Mama Pili ameomba kupindua serikali, na wafanyakazi wawili Profesa aliwasimulia mara mbili.

Pili alirudi mezani kwake, akapanga mafaili yaliyokuwa yameshapangwa. Alikuwa amesema ukweli mtupu, kwa Kiswahili kinyoofu, na ukweli ule ulikuwa umeanguka kama tusi jingine lolote. Miaka yote alimwambia afe, azikwe, aondoke. Leo alipomwambia aondoke kweli, angejuaje?

Akaamua kumwona mke wa Profesa. Mama Yuliana alikuwa nyuma ya nyumba yao ya Bigwa, anachambua mchicha. Pili alimwamkia, akaketi, akachukua fungu lake la mchicha.

"Najua ulichokuja nacho," Mama Yuliana alisema. "Wiki iliyopita alichelewa kurudi. Nikapigiwa simu na mtu wa Kihonda simjui. Severin alikuwa amekwenda kwenye ile nyumba tuliyopanga tulipooana. Ameingia mpaka sebuleni, anamuuliza mwenye nyumba anafanya nini kwake."

"Yule mtu akafanyaje?"

"Mtu mwema. Alimpa soda, akatafuta namba yangu kwenye simu yake." Alitupa bua pembeni. "Nikimwambia mimi, ananiambia nimezeeka naona mambo. Watoto wakipiga kutoka Dar anawahadithia siasa, wanafurahi baba yuko timamu. Mwambie wewe, Pili."

"Nimemwambia, mama. Amecheka."

"Basi mwambie kwa njia asiyoweza kuicheka."

Pili alibaki ameshika shina la mchicha. Lilikuwa neno la mtu aliyechoka, si ushauri. Lakini alilibeba mpaka nyumbani, akapika nalo, akakunja nguo nalo, na alipokuwa anampigia mwanawe shati pasi akajua la kufanya. Hakulipenda. Utani ukishauvua huna hakika kama utakutosha tena.

Jumapili, Profesa aliporudi kutoka misa, alimkuta Pili barazani kwake. Alikuwa amevaa gauni refu na mtandio, kama aendaye ukweni.

"Oho!" Profesa alifurahi kutoka getini. "Mapinduzi yamenifuata mpaka nyumbani!"

Pili alisubiri mpaka akae. Kisha akashuka kwenye kiti chake, akapiga goti, goti kamili, magoti yote mawili kwenye saruji.

"Shikamoo, Profesa."

Profesa alianza kucheka. Kicheko kilifika nusu, kikasimama. Alimtazama usoni akitafuta pa kucheka, jicho, mdomo, popote, hakupaona. Ndani ya nyumba Mama Yuliana aliacha kuosha vyombo.

"Nani amekufa?" Profesa aliuliza.

"Hajafa mtu."

"Inuka basi, Pili. Unanitisha."

"Ni ile shikamoo uliyonirudishia siku ya kwanza. Nimekuja nayo, kwa sababu nililo nalo mtani hawezi kulisema. Ukiniitikia, nitasema."

Hakuitikia. Alivua miwani, akaikunja, akaifungua. Pili akaona akisubiri kuitikiwa atachelewa, akasema hivyo hivyo akiwa chini. Alisema Matombo, karatasi ipi ilisomwa na ipi ilipaswa kusomwa. Alisema Gairo. Alisema hotuba iliyopashwa kiporo, na Kihonda, na soda. Hakupunguza wala hakuremba. Alisema taarifa imeandikwa, bodi inakaa mwisho wa mwezi.

"Oscar amekutuma?"

"Amenituma. Hata asingenituma ningekuja. Nimechelewa, kwa sababu kila ulipojikwaa nilikuwa nachekesha watu."

Profesa alitazama juu, mlima ulikuwa umejifunika wingu kama kawaida yake.

"Nilikuwa najua," alisema mwishoni. "Naandika mkononi. Tazama." Akafunua kiganja. Kulikuwa na wino, jina la mtaa na rangi ya geti lake mwenyewe. "Nilichokuwa sijui ni kwamba na nyinyi mnajua. Mlivyokuwa mnacheka, nikasema, aa, bado hawajaona."

Pili alikuwa bado yuko chini. Magoti yalikuwa yanamuuma.

"Marahaba," Profesa alisema. "Marahaba, mwanangu. Inuka."

Profesa alikwenda mwenyewe mbele ya bodi, na Mama Yuliana akiwa amekaa nje. Aliwaambia kichwa kinamwacha njiani, hataki kuifikisha taasisi alikofika yeye. Bodi ilimshukuru kwa muda mrefu. Oscar alifuta taarifa yake na alimwita Pili ashuhudie anaifuta, ndivyo alivyo. Andiko la miteremko lilikwenda wizarani mikononi mwa Magreth, likiwa ni lile la kubaki.

Kwa hiyo kila kitu kilikwenda vizuri, na Pili hakuwahi kuichukia kazi yake kama wiki zile. Asubuhi Profesa alipopita kwenye korido alipunguza mwendo mbele ya mlango wake, akasubiri. Pili aliinua kichwa, akalitafuta tusi, akaona wino kwenye kile kiganja.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba."

Akapita. Korido ikawa kimya kama ya hospitali. Wafanyakazi wakanong'ona kwamba wamegombana, kwamba kumbe kweli mama alitaka kiti.

Siku ya kuagana walipanga viti ukumbini. Kulikuwa na pilau, keki, makamu mkuu wa chuo na hotuba nyingi kuliko pilau. Mbele kabisa waliweka kiti cha mkurugenzi, cha mninga, ambacho Profesa alikikalia tangu taasisi ilipokuwa vyumba viwili na feni moja. Utaratibu ulikuwa Profesa amwongoze Oscar akikalie, wapigiwe makofi, watu wakale.

Profesa alikuwa ameketi pembeni na mkewe. Kila aliyesimama alimsifu kwa sauti ya chini, kwa uangalifu, kama watu wanaobeba vyombo vya udongo. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Pili alimtazama, akakumbuka alishamwona na uso ule ule mkavu mahali fulani. Ilikuwa Matombo, kando ya kaburi, kabla hajaingia yeye.

Mshereheshaji alipotangaza sasa ni wakati wa kukabidhi kiti, Pili alisimama. Alipita mbele ya makamu mkuu wa chuo bila kuomba radhi, akachukua miwani ya Profesa mezani, akaivaa, akaenda kukaa kwenye kile kiti. Akakohoa kama Profesa anavyokohoa.

"Ndugu zangu," akasema kwa sauti nene ya mhadhara, "kwanza kabisa niwakaribishe Morogoro, mji kasoro bahari."

Wachache walicheka. Pili alinyamaza, akapekua karatasi zisizokuwepo, akainua uso.

"Ndugu zangu, kwanza kabisa niwakaribishe Morogoro, mji kasoro bahari."

Hakuna aliyecheka. Magreth alijiziba mdomo. Oscar alisogea hatua moja.

"Mama Pili, tafadhali."

Pili aliinamia upande, akamnong'oneza mtu asiyekuwepo, kwa nguvu hadi nyuma wakasikia: "Mtani, hivi hapa ni Gairo?"

Mama Yuliana alitazama mikono yake. Pili akawaza kwamba kama amekosea, atakumbukwa kwa hili.

Sauti iliyotoka pembeni ilikuwa kama ya mtu aliyepaliwa. Profesa alikuwa amejikunja, mkono tumboni, machozi yanamtiririka, anacheka.

"Mzigua mwongo!" alipata kusema. "Mara mbili? Nilisema mara mbili?"

"Mara tatu! Ya tatu nimekuhurumia!"

"Toka kwenye kiti cha watu!"

"Sitoki. Leteni jogoo."

Sasa ukumbi wote ulikuwa unacheka, wengine wakilia waziwazi, na mkono wa Mama Yuliana ulikuwa mgongoni kwa mumewe. Oscar alikuwa amesimama katikati na suti yake mpya.

"Jogoo?" aliuliza. "Sasa hivi? Jogoo nitamtoa wapi?"

"Hayo ni yako," Profesa alimwambia. "Kiti ni chako, na jogoo ni juu yako. Huyu hatoki bila jogoo, mimi namjua." Akaja taratibu mpaka mbele ya kiti, akanyoosha mkono uliokunjwa ngumi kama mtu aliyeshika kitu. "Na wewe, shika shikamoo yako. Imekaa kwangu mwezi mzima, inanilemea."

Pili alikinga kiganja, akapokea, akafungua mkoba, akaitia ndani, akafunga zipu.

"Na marahaba yangu je?" Profesa aliuliza.

"Hiyo siirudishi," Pili alisema, akajiegemeza vizuri kitini.

Kule mlangoni, Oscar alikuwa ameziba sikio moja, anampigia simu mfugaji mmoja wa kuku.